Mistari Miwili Niliyoifuta

Kwa miaka tisa nimeendesha saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Wamagana, na watoto waliomaliza kidato cha nne nimewajazia maombi ya vyuo hadi nimepoteza hesabu. Mume wangu askari aliletwa huku kikazi kutoka magharibi. Alipohamishwa, nilibaki na binti yangu Adhis na kompyuta nne. Kazi yangu naijua. Kwanza hatugusi kompyuta. Nachukua karatasi iliyoharibika kwenye printa, naigeuza, tunaandika mistari sita, kila mmoja kozi na chuo chake: miwili ya kuota, miwili ya kadiri ya alama zako, miwili ya kukufanya ulale usingizi. Kisha mtoto anaisoma kwa sauti, na akisita mahali, tunafuta.

Msichana mmoja, Gathoni, hakusita. Alikuwa na B, na mstari wa tano na wa sita alikuwa ameandika uuguzi, chuo kimoja kikiwa karibu na kwao. Alipofika hapo sauti yake ilipanda kidogo. Nikajua moyo wake uko wapi.

Shida ilikuwa kanisa. Jumapili baada ya matokeo, watahiniwa huitwa mbele kushukuru, na kila mmoja hutangaza atasomea nini. Gathoni alipofungua mdomo, mama yake, Kagure, alichukua maikrofoni akasema udaktari. Waumini wakapiga makofi, kina mama wakamvalisha msichana leso. Kwa Kagure mambo yalikuwa yamekwisha.

Siku ya kujaza maombi alikuja na Gathoni, akasimama nyuma ya kiti chake akiwa ameishika ile karatasi, mistari minne ya juu ameshaibadilisha kuwa udaktari.

"Mama Adhis, hizo mbili za chini toa," akasema. "Weka daktari zote."

"Mama Gathoni, alama hazifiki. Hizo mbili ndizo zitamshika."

"Niliambia kanisa yote. Sasa niende niwaambie ati ni nesi?"

Gathoni alikuwa akitazama kibodi. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema mtandao umegoma, uongo ninaousema kila wiki kwa sababu ndogo zaidi. Lakini Kagure ni mwenyekiti wa kina mama, ratiba zote za kanisa hunipa mimi kuchapisha, na huku ningali mgeni. Nikafuta. Nikajaza udaktari, vyuo sita, nikabonyeza.

Hakuna chuo kilichomchukua. Awamu ya pili ilipofunguliwa, uuguzi ulikuwa umejaa. Sasa Kagure anawaambia watu kwamba mtoto anasubiri kwenda ng'ambo, nao wanampigia makofi tena. Nina hasira naye hadi leo, na najua nusu ya hasira hiyo ningepaswa kujielekezea mwenyewe.

Juzi Gathoni alikuja peke yake, vidole vimekuwa vyeusi kwa kuchuma chai. Aliulizia ile karatasi. Nilikuwa nayo, huwa sizitupi. Akaisoma kwa sauti kama siku ile, mpaka mstari wa sita.

"Auntie, ulikuwa unajua sitapata?"

"Nilijua."

"Hata mimi nilijua. Lakini mimi ni mtoto wake. Wewe mama angekufanya nini?"

Aliikunja karatasi akaitia mfukoni, kisha akanipa bahasha aliyotumwa nayo na mama yake. Ndani mlikuwa na ratiba ya ibada ya Jumapili, ya kuchapishwa nakala mia mbili. Nikawasha printa.