Swichi Mbili za Kompyuta ya Babu

Juzi mteja aliniletea kompyuta ya mezani ofisini kwangu hapa Lindi, haiwaki. Kabla hajamaliza kujieleza, mkono wangu ulishafika nyuma ya boksi unatafuta swichi. Yeye akaona ufundi. Mimi, rafiki yangu, nilikuwa nimerudi Kilwa Masoko, nina miaka kumi, chumbani kwa bibi aliyekaa eda.

Nyumba ile ilinukia udi na mihogo ya nazi. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi, na bibi alizoea kunichokoza: "Mke mwenzangu, nazi hiyo unaikuna au unaibembeleza?" Babu alipofariki, utani ukakoma. Bibi alishinda kimya katika chumba kilekile kilichokuwa na kompyuta ya babu, mwalimu mstaafu aliyeipenda mashine ile kuliko redio yake. Humo alikuwa amejirekodi akisoma Yasini, na mwisho kabisa anasikika akimwita bibi amletee kahawa. Hatukuwa na sauti yake nyingine. Bibi aliitamani mno, na kompyuta imegoma kuwaka.

Fundi aliitwa, lakini mwanamume asiye maharimu angeingiaje kwa mwenye eda? Na bibi hakukubali kitu cha babu kitoke nje kabla hajamaliza siku zake. Basi fundi akakaa barazani, chini ya dirisha lenye pazia, mimi ndani nikawa macho na mikono yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tusaidie."

"Haya binti, anzia ukutani. Chomeka taa hapohapo." Taa ikawaka. "Badilisha waya, chukua ule wa kioo cha kompyuta." Nikabadilisha, bado haikuwaka. "Sasa nyuma, pale waya unapoingia, pana swichi. Ibonyeze upande wa pili."

Zilikuwa mbili: nyeusi kubwa, na nyekundu ndogo iliyozama ndani. Sikuuliza. Nilijiona hodari, nikageuza zote.

Ikalia paa! Moshi ukatoka, na harufu ya kuungua ikaufunika udi. Bibi akasema taratibu, "Innalillahi," kama alivyosema siku babu alipokata roho.

Leo nayajua yote, na hiyo ndiyo adhabu yangu. Ile nyekundu huchagua nguvu ya umeme, nami niliiweka kwenye umeme mdogo kuliko wetu. Mashine haikuwa mbovu hata kidogo. Kina mama walipoisogeza kupisha mikeka ya msiba, mmoja aliigusa ile nyeusi akaizima bila kujua. Eda ilipokwisha fundi aliifungua, akakuta kila kitu kimeungua mpaka diski. Akamwambia bibi kuwa ni umeme. Mimi hakunitazama, na mimi sikusema neno, wala sikusema miaka yote iliyofuata.

Nyumba ile imeshauzwa. Mbuzi ya kukunia nazi sijui ilienda wapi, na baraza limevunjwa. Hayo nayavumilia. Nisichokivumilia ni mchana mmoja, bibi amezeeka sana, nikimkata kucha.

"Mke mwenzangu," akaniuliza, "hivi babu yako sauti yake ilikuwa nene au nyembamba?"

Nikamjibu, nene. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kusema kweli, hata mimi nilikuwa siikumbuki.