Mpira wa Petroli

Fundi bomba mmoja mstaafu aliamini hakuna kimiminika ambacho yeye hajui kukichagulia mpira. Miaka thelathini na miwili ya mabomba, jamani, utamwambia nini? Akiingia dukani hasomi maandishi. Anaukunja mpira, anaubana, anaung'ata, kisha anatoa hukumu.

Alipostaafu akaanza kuunda ndege ndogo za rimoti, na karakana yake ikawa sebule. Miaka miwili wageni walipokelewa jikoni. Mkewe akachoka. "Baba, tuelewane. Ndege hiyo ikiruka Jumamosi, sebule ni yako. Isiporuka, narudisha makochi yangu." Wakapeana mikono mbele ya kaka wa mkewe, mtu asiyekubali kupitwa na jambo.

Injini ya kwanza ilitumia mafuta ya spiriti, na mpira laini wa silikoni uliyavumilia bila neno. Injini mpya ilikuwa ya petroli. Fundi akauacha mpira uleule. "Huu hata maji ya moto yanapita," alisema. Mkewe, ambaye ndiye aliyesoma karatasi ya maelezo, akamwambia petroli ina mpira wake. Akarudia. Mara ya tatu fundi akacheka: "Mama, wewe ndiye wa kunifundisha mimi mabomba?" Mama akaikunja karatasi yake, na fundi, maskini, akadhani ameshinda. Ijumaa akajaza tangi kabisa.

Jumamosi uwanjani injini ikanguruma, ikakohoa, ikazima. Akaiwasha tena, vilevile. Alipofungua kifuniko akakuta mpira umevimba, umelegea, umechomoka kwenye kabureta, na petroli inachuruzika. Aibu gani hii, tena mbele ya shemeji!

Mkewe akasogea, akafungua mkoba, akatoa mpira wa manjano, mgumu kidogo, umeshakatwa kwa kipimo.

"Kumbe ulijua?" fundi akanong'ona.

"Kipande cha ule wako nimekiloweka kwenye petroli tangu Jumatano. Kimevimba mpaka kinatia huruma."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mara tatu, baba, tena bure. Hii ni mara ya nne, na leo nauza."

"Bei gani?"

"Sebule."

Fundi akaitazama ndege yake. Kila ubavu wa bawa lile aliupiga msasa kwa mkono wake mwenyewe, na alitamani kuiona angani, hata mara moja tu.

"Chukua," alisema.

Ndege ikaruka. Wee, iliruka! Ikazunguka uwanja mara sita, na fundi akapiga vigelegele hadharani bila haya. Mkewe naye alikuwa akipiga makofi, kwa furaha ya kweli kabisa.

Kaka wa mkewe akaja mbio, mkono mbele. "Hongera, shemeji! Umeshinda! Sebule ni yako!"

"Ndiyo, nimeshinda," fundi akajibu, huku akipiga hesabu kichwani kama meza yake ya kazi itapita kwenye mlango wa bafu.