Picha ya Wenyewe

Ukwato uligonga mlango wa banda mara moja usiku, na kabla sijainuka kitandani, saisi mzee, mtunza farasi niliyemsaidia kazi, alikuwa ameshafika kumtuliza farasi wake. Asubuhi, kwenye shamba hilo la Molo, farasi huyo jike, bingwa wa mbio, aliagwa kwa hotuba, akistaafu mbio. Tajiri aliyemmiliki alishukuriwa, mpanda farasi pia. Kisha mpiga picha akasema, "Mzee, toka kidogo. Hii ni ya wenyewe."

Mzee aliachilia kamba, akaondoka. Farasi akamfuata. Farasi hasomi hati za umiliki.

"Wewe saisi, mrudishe," tajiri akaita.

Miaka minane ya kumkanda farasi huyo miguu, na bado ni "wewe saisi". Mzee hakugeuka.

Mpanda farasi ndiye aliyevua kofia. "Hatupigwi picha bila wewe," akasema, "Mzee Simiyu."