Jumapili Kwenye Jamvi la Karafuu

"Wewe mwana, unamwomba Mungu au unamtii mama yako?"

Jirani yetu wa Mtambile aliniuliza hivyo nikiwa mdogo. Juzi nimerudi huko na mama kuhani msiba wa jirani huyo, na harufu ya karafuu zilizoanikwa uani ikaniuliza tena.

Tulikuwa Wakristo pekee mtaani. Baba alikuwa askari polisi aliyehamishiwa Pemba kutoka bara. Kanisa lilikuwa mbali, kwa hiyo Jumapili tulisali sebuleni, mama akisoma zaburi, sisi tukiimba kwa sauti ya chini. Mimi nilipenda zaidi jamvi la jirani, ambako watoto tulichambua karafuu na kutenga makonyo, vile vijiti vyake, vidole vikinukia hadi wakati wa chakula. Lakini Jumapili hakunipokea kamwe.

"Leo siku yenu. Kanawe mikono ukasali."

Mjukuu wake akacheka. "Kanisa lao sebule, padri wao mama yake!"

"Nyamaza we! Wewe alfajiri ya leo nimekuamsha mara ngapi?"

Jamvi zima likaangua kicheko.

Chuo kikuu nilisoma falsafa, nikahoji kila kitu. Imani ya mama niliiona kama kanga ya kurithi, hukuichagua wewe. Nikamwambia usoni kwamba hajawahi kujiuliza hata swali moja. Aliendelea kukuna nazi. Niliacha kusali kwa miaka. Kilichonirudisha si hoja. Hoja zote nilizishinda, na kila niliposhinda sikuwa na wa kumshukuru. Nikaanza kukaa kiti cha nyuma kanisani na mashaka yangu. Bado ninayo.

Baada ya hitma ya kumwombea marehemu tulikaa uani. Siku hizi karafuu huanikwa juu ya turubai, na ile sebule yetu imekuwa duka la soda. Mama alilitazama duka, kisha akanieleza.

Mdogo wangu alipofariki, mimi sijaanza shule, mama aliacha kusali. Alimwendea jirani akamwambia kwamba yeye na Mungu wamemalizana.

"Gombana naye wewe," jirani alimjibu. "Mtoto usimfungie mlango."

Jumapili iliyofuata mama akafungua zaburi. Miaka yote ile ya sebuleni alinisomea huku haamini hata neno moja.