Chai ya Churrinche

Olinda Techera alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo alikula mezani kwake kila Jumapili. Amílcar, kaka wa marehemu mumewe, alikuja na njaa yake na mdomo wake, akala nyama ya kondoo mpaka mfupa ukang'aa, kisha akaanza kumsema farasi.

"Shemeji, yule muuaji bado yupo?"

"Yupo. Anakula vizuri kuliko wewe, na hana makelele."

Muuaji mwenyewe ni Churrinche, farasi mwekundu. Alikuwa amemwangusha Eleuterio, mume wa Olinda, langoni, mguu ukanasa kwenye kikuku cha tandiko, akamburuta mpaka kwenye mawe. Aliyeshuhudia ni Amílcar peke yake, na alisema kapita nyoka. Watu wa vilima vya Tacuarembó wakaamini, maana nyoka ni wengi na Amílcar ndiye mkubwa wa ukoo. Tangu siku hiyo farasi aliharibika kabisa. Mlango ukigongwa anaruka, kivuli kikipita anatoka jasho.

Olinda hakuwa mfugaji wa farasi. Alizeeka akiwapikia vibarua katika shamba la ng'ombe, na huko jikoni ndiko alikojulikana kwa majani yake: ya tumbo, ya kukosa usingizi, ya moyo kwenda mbio. Mwanamke mkali, mchoyo wa tabasamu. Alikutukana kwanza, dawa ikafuata. Alipobaki na farasi mwenye wazimu, alimtendea vilevile. Alichemsha marcela, maua ya manjano ambayo kwao huchumwa alfajiri ya Ijumaa Kuu kabla umande haujakauka, akatia na majani ya pasheni ya mwituni, akayapooza na kuyamwaga kwenye pumba. Alijisugua mikono kwa lavenda kabla ya kumshika shingo. Kisha alimtukana kwa sauti ya chini, bila kukoma, mpaka masikio ya mnyama yakalegea. Kidogo kidogo Churrinche akarudiwa na akili.

Amílcar hilo halikumfurahisha hata kidogo.

"Unampikia farasi chai? Na keki je, umemkatia?"

"Nikimkatia, yeye atasema asante."

"Cheka tu. Ana chapa ya ukoo pajani, na mwenye chapa ni mimi. Jumapili ijayo lori la machinjio linakuja kumchukua."

Olinda aliweka kisu mezani. "Basi aje mbele ya majirani. Akikubali kupandwa, anabaki. Akikataa, mchukue."

"Sawa," alisema Amílcar, tena haraka mno, na haraka hiyo ilimkaa Olinda rohoni wiki nzima.

Jumapili majirani walijipanga kwenye uzio, kibuyu cha chai chungu kikizunguka na mrija wake mmoja. Lori lilikuwa limeegeshwa pembeni. Basilio, jirani mnene anayependa kujionyesha, ndiye aliyepanda kwanza. Churrinche alimzungusha zizini taratibu, shingo chini. Dereva akapiga honi kwa ubaya wake tu. Farasi akageuza sikio, akaendelea. Doña Zulma, mama jirani, akambusu puani, watu wakapiga makofi.

"Huo mchezo wa watoto," alisema Amílcar. "Sasa zamu yangu." Akachomoa mjeledi kiunoni.

Hata hajaingia zizini, ngozi ya farasi ilianza kutetemeka mwili mzima. Mkojo ukamtoka. Akarudi nyuma kwa nguvu mpaka kamba aliyofungwa uzioni ikakatika, akajibana pembeni, macho yamemtoka.

"Mmeona? Wazimu mtupu! Dereva, fungua!"

Olinda alikwenda akasimama mbele ya mlango wa lori. Alikuwa ameyaona macho ya farasi yanapotazama. Hayakumtazama Amílcar usoni, yalitazama mkono.

"Basilio kampanda," alisema. "Zulma kambusu. Honi imelia, hakujali. Dawa yangu inafaa kwa watu wote, Amílcar. Kwako wewe imeshindwa na nini?"

"Umemfundisha, mchawi wewe!"

"Nimemfundisha kuogopa mkono wako? Ulimfanya nini?"

"Sikumfanya kitu!"

"Ulimfanya nini, Amílcar?"

"Nilimchapa mara moja tu! Alikuwa anagoma pale langoni! Ningejuaje kama Eleuterio hajakaa vizuri?"

Kibuyu kilibaki mkononi mwa Zulma. Amílcar alisikia alichokisema, akafunga mdomo, lakini kilikuwa kimeshatoka. Dereva alipanda lori lake bila kuambiwa na mtu, akaliwasha, akaondoka.

"Shemeji," alianza Amílcar, sauti imemshuka. "Yule alikuwa ndugu yangu. Unadhani mimi nalala?"

"Usiniite shemeji. Umemzika mume wangu na uongo, ukakaa kwenye kiti chake ukala chakula changu, halafu ukataka aliyekuona achinjwe. Sina jani la kukupa wewe. Toka kwangu."

Alitoka, kofia mkononi. Chuki aliyokuwa nayo Olinda kwa miaka yote ile ilikuwa ya kawaida, ya shemeji mlafi. Hii ilikuwa mpya, na alijua atakufa nayo.

Majirani walipotawanyika aliingia zizini, akaegemea ubavu wa farasi wa mumewe, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia kwa kelele, akipigapiga mbao za uzio kwa ngumi, na Churrinche hakushtuka.