Tuta Lililoruka Shamba Letu

Mtama ukiozea shambani ukiwa bado umesimama hutoa harufu ya pombe iliyosahaulika mtungini, na harufu hiyo ndiyo iliyotawala kijiji chetu, upande wa Kano, si mbali na Kisumu, mwaka nilipokuwa darasa la saba. Ziwa lilikuwa limepanda polepole, bila kelele, kama mgeni anayesogeza kiti karibu na chakula kila usipomtazama. Nyasi za ufuoni zilizama kwanza, kisha viazi, kisha mtama. Ukitembea, udongo mweusi uliunyonya mguu wako na kuutema. Sisi watoto tulifurahi, maana kambare waliingia hadi kwenye mitaro ya mashamba na tuliwakamata kwa vikapu. Wakubwa walingoja serikali. Nilijifunza mapema kwamba kungoja serikali ni kazi, tena isiyo na mshahara.

Serikali ilifika mwishowe kwa Landrova moja: ofisa mwenye viatu vilivyong'aa, mpimaji, na fungu la vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Chifu aliitisha baraza katika uwanja wa kanisa. Chifu wetu alikuwa mtu wa methali, kwa kuwa akili yake yote ilikuwa ya kuazima. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alituambia, kisha akarudia kwa ajili ya waliochelewa. Tuta refu la udongo lingejengwa kando ya maji, na kila mwenye shamba la ufuoni angetoa kipande. Fidia? Ofisa alisema jambo hilo linashughulikiwa. Watu waliguna, halafu wakakubali mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Mama Akumu, mjane tuliyepakana naye. Vigingi vilipita katikati ya mihogo yake, naye aliing'oa mwenyewe jioni ileile.

Baba alikataa. Alikuwa karani wa stoo mjini Kisumu kwa miaka mingi, na kutoka huko alirudi na koti moja na methali moja aliyoiamini kuliko Biblia: mali bila daftari hupotea bila habari.

"Bwana ofisa, hii shamba iko na hati," alisema. "Serikali yenyewe ndiyo ilinipatia. Leo inakuja kuninyang'anya?"

"Mzee, maji haisomi hati."

Watu wakacheka. Baba akawangoja wamalize. "Kama haisomi, basi iulize njia kwa majirani."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Serikali yenye akili ingembembeleza, au ingemlipa, au ingempeleka mahakamani. Yetu iliruka. Trekta lilisukuma udongo hadi mpakani mwa Mama Akumu, likasimama, likazunguka kwa barabara na kuanza upya upande wa pili wa shamba letu. Kazi ilipoisha tulikuwa na tuta lililonyooka kama rula, lenye pengo la upana wa shamba letu, si pungufu wala zaidi. Ofisa alipigwa picha akiwa ameligeuzia pengo mgongo. Chifu alichinjiwa mbuzi, akala, akatoa methali nyingine. Shuleni nililiita pengo lile "geti letu", na nilitembea kifua mbele kama mwana wa mfalme.

Mvua za masika ziliponyesha, ziwa liliingia kwa geti hilo. Hilo hata mjinga angelitabiri. Ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba maji hayakutoka. Zamani mafuriko yalikuja na kurudi ziwani yenyewe. Sasa tuta liliyazuia: shamba letu lilikuwa juu kidogo, na mashamba ya nyuma ya tuta, yaliyokuwa chini, yakageuka beseni. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kiinuko. Ya Mama Akumu ilikuwa ya udongo, bondeni.

Alikuja kwetu akipita majini, leso imefungwa juu ya magoti, nyuma yake vijana wanne na majembe. "Baba Ochieng', niruhusu hawa wazibe hapo. Ni matope tu, kwa mikono. Nyumba yangu inalainika."

"Wakiziba leo, kesho mtasema hiyo ni tuta ya serikali," baba alijibu.

Akanigeukia mimi. "Ochieng', wewe umesoma. Mwambie baba yako."

"Mama, si ulipeana yako mwenyewe?" nikasema. "Nani alikutuma?"

Kijana mmoja alifyonya. Mama Akumu alinitazama kama mtu anayetazama bidhaa sokoni na kuona kwamba haifai hata kwa bure, kisha akageuka na kurudi majini.

Nyumba ilianguka siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Mabati yake yalipakiwa kwenye trela la miwa, naye akaenda Muhoroni kwa kaka yake. Kwetu mjane haachi kaburi la mumewe. Yeye aliliacha chini ya maji. Alifia hukohuko na kuzikwa kando ya miwa ya watu, na kwetu huko ni kupotea. Familia nyingine zilimfuata, moja baada ya nyingine. Baba alijisifu hadi kufa kwamba hakupoteza hata hatua moja ya shamba. Ni kweli. Vyura walilitunza lote.

Siku hizi ziwa limepanda tena. Wenye hoteli za ufuoni wana mawakili pale ambapo baba alikuwa na koti tu, na maofisa wanasema jambo linashughulikiwa kwa sauti ileile, ila viatu vimekuwa bora. Ningewacheka wote kama shamba lile lisingekuwa langu sasa. Juzi nilivaa vizuri nikaenda ofisini Kisumu. Nilimwambia kijana wa mezani kwamba natoa kile kipande, bure, bila fidia, ili pengo lizibwe. Alinipa kiti, akafungua ramani kwenye kompyuta, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mzee, asante sana," alisema. "Lakini tuta ni ya kukinga watu. Hapo nyuma sasa anaishi nani?"

Akangoja jibu kwa adabu, kalamu mkononi.