Redio ya Liberatus

Apolonia alitoka Iringa kuja Rujewa kuwa karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na wiki haikuisha kabla hajamchukia karani mwenzake, Liberatus. Walitumia kiti kimoja na kompyuta moja, yeye asubuhi, Liberatus jioni. Kila alipoingiza nywila, redio ya mtandaoni ililipuka yenyewe kwa sauti ya juu, ikafuata video ya mpira, halafu mchezo wa kubashiri. Programu ya mizani, ambayo ndiyo kazi yenyewe, ilijikokota nyuma kabisa huku wenye mpunga wakimkodolea macho dirishani.

Mara ya kwanza alisema kwa adabu. "Kaka Liberatus, vitu vyako vinajiwasha vyenyewe kila nikifungua. Naomba uvitoe."

"Kwani hapa ni msibani, tukae kimya?" Liberatus alimjibu bila hata kugeuka.

Mara ya pili hakuomba. Aliingia kwenye mipangilio, akafungua orodha ya programu zinazojiwasha, akazima vya Liberatus kimoja kimoja. Na alifurahi, asikudanganye mtu. Chai ya siku hiyo ilimshuka vizuri.

Kesho yake vyote vilikuwa vimerudi. Akazima. Vikarudi. Wakawa hawasemezani tena. Wakipishana mlangoni, kila mmoja anatazama ukuta.

Ukafika msimu wa mavuno. Asubuhi moja malori yamepanga foleni hadi barabarani, Apolonia akawasha kompyuta. Kimya. Hakuna redio, hakuna mpira. Akacheka peke yake. Gunia la kwanza likapandishwa kwenye mizani, lakini kwenye skrini hakuna kilichotokea. Liberatus alikuwa ameiondoa programu ya mizani kwenye ile orodha, na Apolonia, ambaye siku zote aliikuta imeshajifungua, hakujua ilikofichwa.

"We dada, tumelala hapa na mpunga wetu, unatuchezea?" Tumpe, mkulima aliyekuwa mbele, alipiga dirisha kwa kiganja.

"Huyo hajui kazi! Mtoeni!" wakadakia wa nyuma.

Bwana Makame, mwenye mashine, aliitwa kutoka nyumbani. Aliitafuta programu mpaka akaipata, akaifungua, kisha akamfokea Apolonia mbele ya umati wote.

Liberatus alipoingia zamu, alikuwa anatafuna hindi la kuchoma.

"Umefanya makusudi," Apolonia alisema.

"Mimi? Si wewe fundi wa kuzima vitu vya watu?"

Apolonia alilipiga lile hindi likaruka mpaka chini ya meza. Liberatus akamshika mkono, akausukuma, wakaanza kutukanana kwa nguvu hadi wapakizi wakaacha magunia. Makame ndiye aliyewaamua.

Siku hiyohiyo aliwafungulia akaunti mbili, kila mtu na nywila yake na orodha yake ya vya kujiwasha. Liberatus akalazimishwa kuomba radhi. Aliomba kwa mdomo tu, na Apolonia hakuitikia.

Sasa akiwasha asubuhi, inafunguka mizani peke yake. Zamu zikikaribia kukutana, anachukua mkoba na kutokea mlango wa nyuma, anakanyaga pumba hadi kwenye vifundo vya miguu, ili tu asimpe Liberatus salamu.